Pikapu yangu ilivyokuwa inatetemeka nikikanyaga breki, na kilichokuja kuitibu

Nina Hilux ya mwaka 1994, fowili (inayovuta tairi zote nne) yenye injini ya dizeli inayoitwa 3L na ile ekseli moja nzima mbele, na hiyo ndio inayolisha nyumba yangu. Napanda nayo Lushoto kuchukua kabichi, karoti na viazi, nakuja kushusha soko la Mgandini hapa Tanga, machungwa yakianza nahamia Muheza. Naandika haya kwa sababu najua wenzangu wengi wa pikapu za zamani wanapitia kitu hikihiki na hela zinaishia kwenye spea ambazo hazikuwa na kosa.

Ilianza kidogo kidogo. Natoka Segera naja Muheza, niko spidi 80, mbele naona kibao cha 50 na matuta ya kijiji, nakanyaga breki na usukani unaanza kucheza mkononi kushoto kulia kwa haraka haraka, ukishuka kwenye 40 hivi unatulia. Nikiachia breki gari imetulia kabisa. Mwanzo unajiambia barabara mbovu, afu baada ya muda inakuwa kila ukigusa breki dashibodi nzima inalia. Ilipofika kwenye mteremko wa Lushoto ndio nikaogopa kwelikweli. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 na unashuka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde, na mimi nimepakia kabichi hadi juu ya keji. Karibu na Soni pedeli ikaanza kunipiga mguuni na kuzama kuliko kawaida, harufu ya breki kuungua imejaa kabini, utingo wangu amenyamaza anashika mlango. Tulifika chini salama, nashukuru Mungu, ila ile safari nilimsimulia mama watoto nusunusu tu kwa sababu nilijua angenizuia kupanda tena.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja anasema tairi, mwingine alaimenti, mwingine tairodi, mwingine shokapu. Nikabalansi tairi na kupiga alaimenti, elfu sitini ikaenda, mtetemo uko palepale. Sasa hapa kuna kitu ambacho kingeniokolea hiyo hela kama kuna mtu angenambia mapema. Kama gari inatetemeka ukiwa kwenye spidi bila kugusa breki, tafuta kwenye tairi, ringi, au viungo vya stelingi. Kama imetulia tuli na inaanza tu mguu ukitua kwenye breki, basi shida iko kwenye breki zenyewe au kwenye habu, yaani kile kitovu cha tairi, zinapofungwa. Viungo vilivyolegea, kama tairodi na beringi za nako (kile kipande kinachogeuka na tairi ukikata kona) kwa hizi Hilux za ekseli nzima, vinaweza kuukuza mtetemo uonekane mkubwa zaidi, lakini mara nyingi sio vinavyouanzisha.

Gereji ya kwanza niliyoenda hawakuuliza sana. Fundi kijana alizungusha kidogo akasema, "Bosi diski zimepinda hizo, weka mpya na pedi mpya ndio dawa." Nikaweka diski mbili mpya na pedi, pamoja na ufundi ikafika laki nne na ishirini elfu. Gari ikawa tamu, breki laini, nikafurahi nikawaambia wenzangu wote pale sokoni. Baada ya kama miezi mitatu ya kupanda na kushuka mtetemo ukarudi, kwanza kidogo, afu uleule. Nikarudi kwao, wakanambia diski nilizonunua ni feki niweke orijino. Hela ya orijino sikuwa nayo, na kusema ukweli nilikuwa na hasira, kwa sababu kila siku gari ikilala mimi nakula mtaji.

Jirani yangu ndio akanipeleka kwa mzee mmoja Ngamiani, ana kibanda kidogo tu chini ya mti, hana bango. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hii gari imenishinda." Akaitikia marahaba, hakuinama kwenye tairi, akaanza kuuliza. Inatikisika ukiwa umepakia au hata tupu? Asubuhi ya baridi au ikishapata moto? Unaisikia kwenye usukani au kwenye kiti? Mafuta ya breki mara ya mwisho umebadilisha lini? Hilo la mwisho sikuwa na jibu, na nadhani wengi wetu hatuna, tunaongeza tu yakipungua.

Akapanda tukatoka mpaka upande wa Pongwe pale barabara ilipo nyoofu. Akasubiri hakuna gari nyuma, tuko kama 50, akanambia niachie mafuta nisiguse pedeli. Halafu akashika ile hendibreki ya kuvuta chini ya dashibodi, akaizungusha na kuishikilia hivyohivyo isijifunge, akaivuta taratibu. Gari ikapungua bila kutikisika. "Umeona mwanangu, hendibreki inashika nyuma peke yake. Nyuma hakuna mtetemo. Basi tunatafuta mbele." Hiki kipimo hakina gharama yoyote, ila ufanye sehemu ya wazi, kavu, spidi ndogo, na mkono usiachie kile kishikio maana ukivuta kwa nguvu tairi za nyuma zinajifunga na gari inageuka. Dramu ya nyuma ikiwa imepoteza duara yake utasikia pedeli inapiga na kiti kinatikisika kuliko usukani.

Tuliporudi kabla hata hajapiga jeki akapitisha kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Mbele kulia ilikuwa inatoa moto kabisa, mbele kushoto ya kawaida, nyuma zote mbili karibu baridi. Akatingisha kichwa akasema hapa kuna mambo matatu sio moja.

Jambo la kwanza lilikuwa kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski. Hizi Hilux za fowili za zamani kalipa yake ina pistoni nne, mbili kila upande, na haitembei kwenye pini kama za gari ndogo, kwa hiyo pistoni zote lazima zisukume na kurudi sawasawa. Ya kulia pistoni mbili zilikuwa zimekwama, moja haikutoka kabisa hadi akaisukuma kwa upepo wa kompresa akiwa ameweka kipande cha mbao mbele yake. Ilikuwa na vishimo vya kutu pembeni. Tunaishi pwani, chumvi iko hewani, na mimi kuna kipindi nilikuwa nabeba samaki maji ya chumvi yanamwagika hadi chini. Na kutu nyingine inatoka ndani, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa taratibu na baada ya miaka yanakuwa na maji ndani yake, yale maji yanakula chuma, na ukishuka mlima mafuta yakipata moto sana yanachemka yanatoa mvuke, ndio maana pedeli ilikuwa inazama pale Soni. Ya kwangu yalikuwa na rangi ya kahawa ya rangi. Yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, kwa gari yangu ni DOT 3. Na tafadhali usiongezee mafuta ya stelingi wala ya injini kwa sababu duka la karibu halina ya breki, yanavimbisha mpira wote wa mfumo na hapo utabadilisha kila kitu.

Jambo la pili ndilo lililonifungua macho, na ndilo lililokuwa linanirudishia mtetemo. Kwenye hii gari diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, huwezi kuitoa bila kufungua frihabu (kile kifuniko cha katikati ya ringi kinachounganisha tairi na fowili) na kutoa habu na beringi zake. Mzee akatoa, akaachanisha diski na habu, akanionyesha pale zinapokutana. Kwenye uso wa habu kulikuwa na kutu imejijenga kama magamba, na sehemu moja gamba lilikuwa nene la kuonekana kwa macho, juu yake kuna alama ya kung'aa ambapo diski mpya ilikuwa imekalia. Yaani ile gereji ya kwanza walifunga diski mpya juu ya kutu, hawakupitisha hata brashi ya waya.

Nikamuuliza sasa mbona ilikuwa nzuri miezi ile ya mwanzo? Akanieleza na nimekuja kuelewa vizuri. Diski ikikaa upande hata kidogo sana, kila inapozunguka inayumba. Ukiwa hujakanyaga breki, sehemu ileile inapita inagusa pedi, inapita inagusa, kilomita maelfu. Taratibu pale inapogusa panalika pakawa pembamba kuliko kwingine, na pedi nyingine inaacha utando wake kwenye diski sehemu moja na sio nyingine. Sasa ukikanyaga breki pedi inapita juu ya sehemu nene, nyembamba, nene, nyembamba, na huo ndio mtetemo wenyewe. Tofauti ya unene inayotosha kukutikisa ni kama sehemu mbili za mia za milimita, huwezi kuiona. Kwa hiyo mara nyingi watu wakisema diski imepinda, haijapinda kwa moto, imelika vibaya kwa sababu ilikaa vibaya, na kila ukifunga mpya juu ya kosa lilelile unanunua miezi michache tu.

Jinsi alivyopima yumba hiyo bila kifaa cha bei niliipenda sana. Alisafisha habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma cheupe, akafunga diski, akarudisha kwenye ekseli na kukaza beringi pasiwe na mchezo wowote. Halafu akafunga kipande cha chuma chenye ncha kwenye nako kwa klampu, ncha ikasogea karibu kugusa diski, akaingiza fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) katikati, akazungusha diski pole pole kwa mkono, kila sehemu anajaribu kibamba kipi kinapita na kipi kinakwama. Kwa gari hii yumba isizidi 0.09 ya milimita. Kushoto ilikuwa ndani. Kulia mwanzo ilikuwa imezidi mara mbili, baada ya kusafisha ikashuka lakini beringi ya ndani ilikuwa na mikwaruzo, tukabadilisha beringi na sili pande zote mbili maana tulishafungua.

Kwenye beringi niseme kidogo. Zile nati kubwa zinazokaza beringi zinataka boksi ya 54. Nimeona mafundi wengi wanazipiga kwa tindo na nyundo, kingo zinalika na hujui umekaza kiasi gani. Ikilegea habu inacheza na diski inayumba, ikikazwa mno beringi inaungua. Mzee alikaza huku anazungusha habu ili beringi zijilaze, akalegeza, akakaza tena taratibu, akafunga washa na nati ya pili. Ukimkuta fundi hana boksi hiyo, bora mkaazime kuliko kumwachia apige tindo.

Diski zangu hatukuzitupa. Tulizipeleka kwa fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma) zikiwa zimefungwa kwenye habu zake, zikakerezwa pamoja ili uso wake uwe sambamba na habu ileile zitakayotumia. Hapo hakikisha unapima kabla na baada, kwenye diski yenyewe kumechongwa namba ya unene wa mwisho, kwangu ni milimita 18, mpya ni 20. Zilitoka na 19 na kitu kwa hiyo zina maisha. Ikishuka chini ya namba hiyo usikereze, nunua, diski nyembamba haibebi joto na mlimani itakusaliti.

Jambo la tatu sikuwahi kulisikia mahali popote. Nilivyonunua hii gari niliongeza majani ya springi nyuma, kama tunavyofanya wote, ili ibebe zaidi. Sasa juu ya ekseli ya nyuma kuna vavu ya breki yenye mkono mrefu unaosoma mzigo. Ukipakia bodi linashuka, mkono unapanda, vavu inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiongeza springi bodi linabaki juu hata likiwa na mzigo, vavu inadhani gari tupu, inabana nguvu ya nyuma, na mbele peke yake inasimamisha tani na zaidi kwenye mteremko wa Lushoto. Ndio maana ringi za nyuma zilikuwa baridi. Mzee alipofungua dramu brekishuu zilikuwa nene karibu kama mpya, na mimi nilikuwa najisifu kwamba breki zangu za nyuma zinadumu!

Tukarekebisha kile kibano cha mkono wa vavu ukae kulingana na urefu mpya wa gari, tukajaribu kwenye barabara ya vumbi, tupu na iliyopakia. Hili usifanye mwenyewe kwa kubahatisha. Ukizidisha, siku ya mvua gari tupu tairi za nyuma zitajifunga kwanza na mkia utakupita. Na ukitoa upepo kwenye breki usisahau kwamba vavu hiyo nayo ina nati yake ya kutolea upepo, sisi tulianza nyuma kushoto ambayo ni mbali kabisa, tukamalizia nayo.

Gharama kwa mzee ilikuwa hivi: sili za kalipa elfu hamsini, pistoni mbili elfu sitini, beringi na sili zake laki moja na arobaini, lethi elfu arobaini, mafuta elfu ishirini, ufundi laki moja na ishirini. Jumla laki nne na thelathini. Karibu sawa na gereji ya kwanza, ila hii imetibu. Iliyouma zaidi ni siku gari ilipolala na wateja wa kabichi wakahamia kwa wengine, wawili hadi leo hawajarudi.

Pedi zilitaka kulazwa upya, yaani zizoeane na diski zilizokerezwa. Tulitafuta kipande kitupu cha barabara, unatoka 60 unashika breki ya wastani hadi 10 hivi, husimami kabisa, unaongeza tena, unarudia mara kadhaa, halafu unatembea mwendo mrefu bila breki ipoe. Kusimama kabisa na mguu umekandamiza wakati diski ni moto kunaacha alama ya pedi palepale, na mtetemo unaanza upya.

Kwa hiyo hata kushuka kwangu kumebadilika. Natoka Lushoto na gia ya pili au ya tatu kutegemea mzigo, injini inashikilia gari, breki nakanyaga kwa uhakika kabla ya kona kisha naachia kabisa, sio kuweka mguu juu yake kilomita nzima. Nikifika Mombo naisogeza mahali tambarare, naweka gia na jiwe chini ya tairi, naondoa mguu. Utingo nimemkataza kumwagia ringi maji, alizoea kufanya hivyo kuzipoza, chuma cha moto kikipigwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupata ufa. Na tairi likifunguliwa kwa pancha nasimamia mwenyewe nati zikazwe kwa mkono kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake, sio kuzungukia duara kwa ile mashine ya upepo hadi zilie.

Sasa imeshapita misimu miwili ya machungwa na usukani umetulia. Kilichobaki ni hozi za mpira za breki, ni za zamani, nje zimeanza kupasuka pasuka ukizikunja. Mzee kaniambia hozi ikifa ndani mpira unavimba, mafuta yanaenda kwenye kalipa lakini hayarudi, breki inabaki imeshika na ringi inapata moto kama pistoni iliyokwama, kwa hiyo ukikuta ringi moja ina moto na kalipa ni nzima, legeza nati ya upepo, tairi likiachia hapohapo angalia hozi. Nimeshaagiza seti nzima, zikifika nazibadilisha kabla ya mzigo wa viazi.